Hukumu Anayoweza Kuihesabu Aliyeshindwa

Vitengeni ni kituo cha soko katika bara ya Kilifi, nyuma ya Malindi, katika nchi ya Wagiriama. Katika masoko ya nchi hiyo, kama katika pwani yote, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi kwa muda wa vizazi vingi kabla ya kilo kuenea. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na jambo hilo alilijua mnunuzi kama alivyolijua muuzaji. Kwa hiyo mtu aliyenunua mahindi hakuwa na haja ya kuuliza kama mwenye mahindi ni mwema au mbaya, rafiki au adui. Alitazama pishi ikijazwa, akahesabu, akaenda zake. Akiona amepunjwa, aliweza kusema amepunjwa kibaba kimoja, na kila aliyekuwapo aliweza kulipima neno lake.

Lakini yako mambo mengi duniani yasiyoingia katika pishi. Nani ameimba vizuri kuliko wenzake? Insha ipi ni bora? Kati ya vinyago viwili, kipi kinafanana zaidi na kitu chenyewe? Katika mambo kama hayo twamwita mwamuzi, naye hutumia jicho lake na akili yake. Hapo ndipo manung'uniko huanza, maana jicho halina alama za vibaba, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

Insha hii yaeleza jinsi watu walivyojifunza, polepole na kwa taabu, kuhukumu kwa haki mashindano ya eropleni za mifano. Huenda msomaji akaona kuwa hilo ni jambo la watoto. Ni kweli kwamba vijana wa pwani yetu hutengeneza motokaa na eropleni za kuchezea kwa waya, mabati, vifuniko vya chupa na ubao mwepesi, na wengi wetu tumepita karibu nao bila kusimama. Hata hivyo mchezo huu umekuwa na waamuzi kwa zaidi ya miaka 100, nao umejibu swali ambalo hakimu, mwalimu na mzee wa kijiji hukutana nalo kila siku: mtu atatoaje hukumu ya jicho, na aliyeshindwa akakubali kuwa hakudhulumiwa?

Mifano ya kwanza haikuiga eropleni yo yote, kwa kuwa eropleni zilikuwa bado kubuniwa. Ilikuwa majaribio ya watu waliotaka kujua kama chombo kizito kuliko hewa chaweza kuruka. Mmoja wao alikuwa fundi Mwingereza, jina lake John Stringfellow. Katika mwaka 1848, katika mji wa Chard, alijaribu mfano wenye injini ya mvuke ndani ya kiwanda cha lesi kilichokuwa hakitumiki. Wako waliosema kwamba mfano ule uliruka kwa nguvu zake wenyewe. Wengine walikana, na ubishi huo haujakwisha mpaka leo. Sababu yake yaonekana wazi. Kabla ya jaribio lile hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa na wote ya kueleza ni kitu gani kitahesabiwa kuwa ni kuruka: je, ni kwenda mbele bila kushuka, au ni kuinuka juu ya mahali pa kuanzia? Pasipo na kanuni kila shahidi huwa mwamuzi, na kila mwamuzi huwa na hukumu yake.

Miaka 20 baadaye jambo jingine lilitokea. Katika Juni 1868 Chama cha Anga cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1866, kilifanya maonyesho katika jumba la Crystal Palace, London. Stringfellow alileta mfano wenye mabawa ya tabaka tatu, pamoja na injini ndogo ya mvuke. Palikuwa na tuzo ya pauni 100 kwa injini iliyo nyepesi zaidi kwa kulinganisha na nguvu zake, naye Stringfellow akaipata. Uzito wa injini huwekwa katika mizani, na nguvu zake huhesabiwa kwa kazi inayofanya. Lakini mfano wenyewe ulikwenda huku umeshikwa na waya, haukuachiliwa huru, na swali la kuruka likabaki swali. Angalia, basi: mtu yule yule, katika maonyesho yale yale, alipata hukumu imara juu ya kitu kilichokuwa na kipimo, na hakupata hukumu imara juu ya kitu kisichokuwa nacho.

Mfaransa Alphonse Pénaud alilielewa somo hilo. Tarehe 18 Agosti 1871 alirusha mfano mdogo uliozungushwa rafadha yake kwa uzi wa mpira uliosokotwa. Alifanya hivyo katika bustani ya Tuileries mjini Paris, mbele ya wanachama wa chama cha wapenda anga wa nchi yake. Mfano ulikwenda kiasi cha mita 40 katika sekunde 11. Mashahidi walikuwapo, umbali ulijulikana, na wakati ulijulikana. Hakuna aliyehitaji kuapa kwamba ameona jambo la ajabu, kwa kuwa namba zilisema zenyewe.

Sasa tufike mwaka 1907, maana katika mwaka huo hukumu moja ilitolewa ambayo yafaa kila kijana aifikirie. Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wamekwisha kuruka kwa eropleni yenye injini katika Desemba 1903, na Ulaya ilikuwa na hamu kubwa ya kuwafuata. Gazeti la Daily Mail la London lilitangaza mashindano ya mifano, yakafanyika katika jumba la Alexandra Palace mwezi wa Aprili. Miongoni mwa walioleta mifano alikuwa Alliott Verdon Roe, aliyepata kuwa injinia wa meli. Mfano wake uliwashinda wengine. Lakini waamuzi waliona kwamba hapakuwa na mfano uliostahili tuzo kubwa kabisa. Wakaizuia tuzo hiyo, na Roe akapewa pauni 75.

Je, alidhulumiwa? Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba ziko tuzo za namna mbili. Tuzo ya kwanza ni ya kuwashinda wenzako. Katika mbio za ngalawa, atangulizaye kufika ndiye mshindi, hata kama upepo ulikuwa hafifu na wote wamekwenda polepole. Tuzo ya pili ni ya kufikia kiwango. Katika mtihani wa shule, mwanafunzi aliye bora katika darasa dhaifu aweza kuanguka, kwa maana mtihani haumlinganishi na jirani yake bali na alama iliyowekwa. Namna zote mbili ni za haki. Udhulumu huja pale ambapo washindani huitwa kwa tuzo ya namna ya kwanza, kisha wakahukumiwa kwa namna ya pili. Kwa hiyo kila asomaye habari za tuzo iliyozuiliwa hana budi kuuliza: je, kiwango kilitangazwa kabla ya siku ya mashindano, tena kwa maneno yanayopimika? Kama kilitangazwa, mshindani alijua anakoelekea, na akishindwa kukifikia hana wa kumlaumu. Kama hakikutangazwa, waamuzi wamemtaka afike mahali ambapo hakuonyeshwa njia yake.

Historia yenyewe ilimjibu Roe kwa njia nyingine. Alitengeneza eropleni kamili kwa kufuata mfano wake, na tarehe 13 Julai 1909 aliruka kwa eropleni ya mabawa ya tabaka tatu, yenye injini ya Kiingereza, katika mbuga za mto Lea karibu na London. Mwaka 1910 alianzisha kampuni ya Avro. Kampuni ya ndege ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mjini Nairobi mwaka 1929 na bibi Florence Kerr Wilson, ilitumia eropleni za injini tatu zilizoitwa Avro Five. Hivyo kazi ya mtu ambaye waamuzi walimwona hajafikia tuzo kubwa ilikuja kubeba abiria katika anga ya Kenya. Jambo hilo halithibitishi kwamba waamuzi wa 1907 walikosea, kwa kuwa walihukumu mfano uliokuwa mbele yao, nao hawakuwa na uwezo wa kuhukumu miaka iliyokuwa haijaja. Lakini latukumbusha kwamba nyuma ya kila mfano ulio mezani yuko mtu, na kwamba hukumu yaweza kumtia nguvu au kumvunja moyo.

Baada ya hapo wapenzi wa mchezo huu walikimbilia kwenye saa. Mwaka 1911 Charles Wakefield, mfanyabiashara ya mafuta ya mitambo, alitoa kikombe cha kushindaniwa, na tangu mwaka 1928 Kikombe cha Wakefield kilishindaniwa na mataifa mbalimbali. Mfano uliokaa hewani muda mrefu zaidi ndio ulioshinda. Saa haina ndugu wala kabila, na kwa hiyo manung'uniko yalipungua. Hata hivyo haki hiyo ilikuwa na gharama yake. Kila fundi alitengeneza kile ambacho saa hukipenda: mabawa mapana, mwili mwembamba kama kijiti, uzito mdogo kabisa. Mifano iliruka vizuri sana, lakini ilizidi kutofanana na eropleni ambazo watu husafiri nazo. Hapa pana fundisho kubwa: watu huwa vile unavyowapima. Ukipima muda peke yake utapata muda peke yake, na uzuri wa umbo utakimbia.

Wale waliopenda mfanano wakataka mashindano yao. Eropleni ya mfano, kwa maana yao, ni ile inayofuata eropleni fulani ya kweli, kila sehemu ikipunguzwa kwa kiasi kimoja. Lakini mfanano hauna saa. Ilibidi kanuni zitungwe, zijaribiwe, zisahihishwe. Kazi hiyo iliangukia Shirikisho la Kimataifa la Anga, lijulikanalo kwa herufi FAI, lililoundwa mwaka 1905. Katika mwaka 1970 mashindano ya kwanza ya dunia ya eropleni za mifano ya namna hii, zinazoongozwa kwa redio, yalifanyika Cranfield, Uingereza. Kanuni zake ni ndefu, lakini misingi yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Msingi wa kwanza ni kwamba ushahidi huletwa na mshindani. Yeye ndiye anayeleta michoro na picha za eropleni aliyoiiga, na mwamuzi huulinganisha mfano na ushahidi huo. Kama mwamuzi aikumbuka eropleni hiyo kwa rangi nyingine, kumbukumbu yake haina nafasi mbele ya picha. Kwa njia hiyo hukumu huondolewa katika kichwa cha mwamuzi na kuwekwa juu ya meza, ambapo kila mtu aweza kuiona. Tena mfano haulinganishwi na mfano wa jirani. Hulinganishwa na asili yake.

Msingi wa pili ni kugawa. Mwamuzi haulizwi kama mfano ni mzuri. Huulizwa juu ya umbo, kisha juu ya rangi, kisha juu ya alama, kisha juu ya ufundi. Kila sehemu hupewa alama, na alama hizo huzidishwa kwa namba inayoonyesha uzito wa sehemu hiyo. Msingi wa tatu ni kwamba waamuzi huwa zaidi ya mmoja, ili pendeleo la mmoja lisiwe hukumu ya wote. Msingi wa nne ni kwamba mshindani hana budi kueleza sehemu ambazo hakuzitengeneza mwenyewe. Msingi wa tano ni kwamba mfano hutakiwa kuruka, na kuruka kwake hupimwa kwa tabia ya eropleni ya kweli. Mfano wa eropleni ya abiria haupati sifa kwa kupinduka hewani kama kipanga, kwa kuwa abiria hawapinduliwi.

Tuchukue mfano wa karibu ili jambo hili lieleweke. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilianza na eropleni ziitwazo Dragon Rapide. Zilikuwa na injini mbili na mabawa ya tabaka mbili, na mwili wa mbao uliovikwa kitambaa. Upana wa mabawa yake ulikuwa mita 14.6, na urefu wake mita 10.5. Tuseme wanafunzi wawili wa Vitengeni wameamua kuitengeneza kwa kipimo cha moja kwa kumi. Mabawa hayana budi kuwa na sentimita 146, na urefu sentimita 105. Mwanafunzi wa kwanza amefika karibu kabisa na vipimo hivyo, lakini rangi yake imechuruzika. Wa pili ametengeneza mabawa ya sentimita 160, yaani amezidisha karibu sehemu moja katika kumi, lakini rangi yake yang'aa na kila mtu apitaye yuasimama kuitazama.

Mwamuzi anampa wa kwanza alama 9 kwa umbo, 5 kwa rangi, 6 kwa ufundi. Wa pili anampa 5 kwa umbo, 9 kwa rangi, 8 kwa ufundi. Tukijumlisha tu, wa kwanza ana 20, wa pili ana 22, na wa pili ameshinda. Lakini kama kanuni imesema kwamba umbo lizidishwe kwa 5, rangi kwa 3 na ufundi kwa 2, wa kwanza anapata 45 na 15 na 12, jumla 72. Wa pili anapata 25 na 27 na 16, jumla 68. Sasa mshindi ni wa kwanza. Macho ya mwamuzi hayakubadilika, wala alama zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni uzito wa kila sehemu.

Msomaji na aitazame hesabu hii tena, kwa maana hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Mwamuzi anayeweka uzito baada ya kuiona mifano aweza kumchagua mshindi amtakaye kwa kalamu yake, bila kusema uongo hata mmoja. Aweza kuwa mkweli katika kila alama na dhalimu katika jumla. Kwa sababu hiyo uzito hutangazwa kabla, siku ambapo waya bado haujakunjwa na hakuna ajuaye nani atafaidika. Na katika mahali kama Vitengeni, ambapo mwalimu, mzazi na mwanafunzi waweza kuwa watu wa mbari moja, tangazo hilo humlinda mwamuzi pia. Mpwa wake akishinda, ataonyesha karatasi ya namba, wala hatalazimika kuapa.

Haifai kusema kwamba kanuni zamaliza kila dhuluma. Mwenye fedha hununua ubao mwepesi, rangi bora na michoro sahihi, na asiye nazo hutumia mabua na waya. Njia moja ya kupunguza tofauti hiyo ni kuyagawa mashindano kwa vifaa, waya ushindane na waya, ubao na ubao. Tena maumbile yenyewe hayakubali kupunguzwa kwa kiasi kimoja. Ukipunguza urefu mara 10, eneo la bawa hupungua mara 100, na ujazo wa mwili hupungua mara 1,000. Kwa hiyo mfano hauwezi kuruka sawasawa na asili yake, na fundi hulazimika hapa kufuata mchoro na pale kufuata upepo. Mwamuzi asiyejua hilo atamwadhibu mtu kwa kosa la maumbile.

Wazee wa kambi wa Wagiriama walipohukumu mashauri, waliyasikiliza mbele ya watu, na kila upande ulisema na kusikiwa. Hawakuwa na kanuni za FAI, lakini walijua kwamba hukumu iliyofichwa haipoi. Kanuni za mashindano ya mifano zimeongeza namba juu ya hekima hiyo. Mshindi haulizi sana jinsi alivyoshinda, furaha humtosha. Mwenye haja ya kujua ni yule aliyeshindwa. Yeye apewe karatasi, aone alama zake na uzito wake, azidishe na kujumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Akifika kwenye namba ile ile aliyofika mwamuzi, atarudi nyumbani na mfano wake kwapani, akijua kwamba mwaka ujao hana budi kupunguza bawa sentimita 14.